Kamba Yenye Mafundo Matatu Haikuwa Dawa

Katibu aliishika kamba yangu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa kabatini, akaiinua juu ili watu wote waione. Ilikuwa Jumapili, saa tisa mchana, ukumbi umejaa mpaka mlangoni.

"Mnaona?" akasema. "Mafundo matatu! Na kitambaa chekundu mwishoni! Mama huyu ametuletea dawa kutoka Mbuya!"

Watu wakacheka. Wanawake wawili waliokuwa karibu nami wakasogeza viti vyao. Mimi nimesimama kwenye mstari wa kurushia vishale, kishale kimoja kimebaki mkononi, na ubaoni nimebakiza thelathini na mbili, namba ninayoipenda kuliko jina langu.

"Ssebo, bwana, hiyo ni kamba ya kupimia," nikasema.

"Kupimia nini? Kaburi?"

Ukumbi ukalipuka. Nikamtazama kapteni wangu, mtu niliyempikia miaka kumi na mmoja, anajua kamba ile ni ya nini kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Akawa anaangalia viatu vyake.

Katibu huyo ni Godfrey Kasule wa klabu ya Tuko Sawa, nyuma ya soko la Nateete, hapa Kampala. Kapteni ni Bosco Wandera wa klabu yetu ya Mbuya. Mimi ni Florence Driciru, mpishi, mcheza vishale. Nayaandika majina mapema, asije mtu akasema nilizungukazunguka.

Sasa nyinyi vijana mliniomba niwaandikie mchezo huu unachezwaje, kwa sababu mmeona kwenye simu zenu wale wazungu wanaoucheza kama kazi. Hamkuniomba ugomvi wangu. Mtapata vyote viwili, maana mimi mwenyewe sijui kuvitenganisha.

Kwanza niwaambie ukweli: hao watu mnaowaona kwenye simu ni mafundi. Hapana cheka tumbo la mtu. Anaingia kwa muziki, ukumbini watu elfu wamevaa kama ndizi na kama kuku, wanaimba, wanamwaga bia, na katikati ya fujo hiyo yeye anasimama ametulia kama sanduku. Anatuma vishale vitatu kwenye kipande chembamba kama kidole chako kidogo. Halafu anarudia. Halafu anarudia tena, huku mwenzake amesimama nyuma ya mgongo wake anasubiri akosee. Mimi nimekata vitunguu maisha yangu yote, najua mkono unaorudia kitu kimoja bila kuchoka ni mkono wa namna gani. Nikiwaona wale huwa nasimama, hata kama nimekaa peke yangu.

Mimi niliacha shule darasa la nne, Arua. Baba alikuwa askari, akaletwa Kampala, na sisi tukaja nyuma yake na masufuria. Nilipokuwa mkubwa nikapata kazi ya kupika kwenye kantini kando ya nyumba za askari, kilimani Mbuya. Ubao wa vishale ulikuwa umetundikwa ukuta wa nje wa jikoni langu. Mchana kutwa nasikia: tak, tak, tak. Kikigonga waya kikaanguka, nasikia na matusi. Nilianza kuujua mchezo kwa masikio kabla ya macho.

Aliyenifundisha ni Afande Ocaya, sajini mstaafu, zamani dereva wa lori. Mtu mwembamba, mkali, hali chapati siku ya mechi kwa sababu ya mafuta. Ananawa mikono kabla ya kucheza kama daktari. Siku moja nilitoka na mwiko mkononi, nikamwambia, "Afande, hata mimi naweza hiyo." Akanipa vishale vitatu. Kimoja kilipiga ukuta, kimoja kilipiga ndoo, cha tatu hatukukiona tena.

"Vizuri," akasema. "Sasa shika chaki."

Hapo lazima mwelewe desturi yetu. Anayeshindwa ndiye anayeshika chaki duru inayofuata. Anasimama kando ya ubao, uso kwenye ubao, hageuki, hakohoi, haongei, anaandika pointi za wenzake. Mimi nilishika chaki karibu mwaka mzima. Na hesabu sikujua.

Mchezo unaanza na mia tano na moja. Kila mtu ana vishale vitatu kwa zamu, na alichopata kinatolewa kwenye hesabu yake. Unashuka mpaka sifuri. Basi siku ya kwanza askari mmoja akapiga sitini, ishirini, kisha tano.

"Themanini na tano!" akapaza sauti Afande. "Mia tano na moja, toa themanini na tano?"

"Afande, ngoja niite mtu."

"Hapana ita mtu! Wewe ndiyo mtu!"

Jasho lilinitoka. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu kwa sahani za dirishani, watu wazima wanne wenye bunduki zao nyumbani wakinisubiri mimi mpishi. Mia nne kumi na sita. Nilipoandika, Afande alisogea tu mstarini. Baada ya miezi sita nilikuwa natoa hesabu haraka kuliko karani wa duka. Kushindwa ndiko kulikonisomesha, na shule hiyo sikuiacha.

Sasa ubao. Namba ni moja hadi ishirini, lakini hazikupangwa kwa mfuatano. Aliyezipanga alikuwa mtu mwenye roho mbaya na akili nyingi. Ishirini iko juu kabisa, inakuita. Lakini kushoto kwake kuna tano na kulia kuna moja. Ukikosa kidogo tu unalipwa uchafu. Kuna pete mbili nyembamba: ya ndani inazidisha mara tatu, ya nje inazidisha mara mbili, hiyo tunaiita dabo. Katikati kuna jicho: duara la nje ni ishirini na tano, kitone cha ndani ni hamsini. Kwa hiyo pointi nyingi haziko kwenye jicho kama wageni wanavyodhani. Ziko kwenye ishirini ya mara tatu, sitini. Vishale vitatu hapo ni mia na themanini, na zaidi ya hapo hakuna.

Mimi katika mechi nimeipata mara moja tu. Maharage yalikuwa jikoni, yakaungua yote. Askari wakala maharage meusi siku ile na hakuna aliyelalamika. Mmoja akasema, "Mama Driciru, haya yana harufu ya mia na themanini."

Kumaliza ndiyo kazi. Lazima ufike sifuri sawasawa, na kishale cha mwisho kiwe kwenye dabo. Ukipitiliza, au ukibakiza moja, zamu yote imeharibika, unarudi pale ulipokuwa. Ndiyo maana napenda thelathini na mbili. Unalenga dabo ya kumi na sita. Ukikosa kwa ndani ukapata kumi na sita tupu, umebaki na kumi na sita: dabo ya nane. Ukikosa tena, dabo ya nne. Kisha ya mbili, kisha ya moja. Kila kosa linakuachia mlango mwingine. Thelathini na tisa haina huruma hiyo, lazima kwanza uitengeneze. Wale mafundi wa kwenye simu wakibakiza mia na sabini wanajua hapo hapo: sitini, sitini, jicho. Hawafikirii. Wamefikiria zamani, nyumbani.

Kushika kishale: shika kama unavyochukua chumvi ya kutia kwenye mchuzi. Hakuna anayebana chumvi kwa ngumi. Mguu wa mbele usitikisike, bega lisitembee, kiwiko ndicho kinachofanya kazi. Na mkono ukishatuma, uache uende mpaka vidole vionyeshe pale ulipotuma. Afande alikuwa akiniona nimerudisha mkono haraka ananiambia, "Umeungua? Kwa nini unakimbiza mkono?" Na nilipokuwa na hasira: "Hapana rusha. Hasira haijui namba."

Niwape na ujinga wangu, ili msidhani nilizaliwa na akili. Afande alituhadithia kwamba mbao za zamani zilikuwa za mti mtupu, na zilikuwa zinalowekwa kwenye maji ili matundu yazibe. Mimi nikasikia nusu ya hadithi. Tukanunuliwa ubao mpya, mzuri, wa katani. Jumatatu asubuhi nikaulaza kwenye karai la maji, nikaenda sokoni Nateete kununua ndizi, najisifu njiani. Niliporudi ubao umeumuka kama andazi. Waya zimejikunja, ishirini imepanda juu ya moja.

Nililia. Afande akaubonyeza kwa kidole.

"Driciru," akasema, "hii ni katani. Nyuzi zake zinajifunga zenyewe kishale kikitoka. Ulikuwa unaziponya ugonjwa gani?"

Akautundika ukutani hivyo hivyo ulivyovimba. Msimu mzima tukarushia ujinga wangu. Ubao wa katani, vijana, usiutie maji hata tone. Mnachofanya ni kuuzungusha kila wiki, ile pete ya namba inatoka, ishirini isikae sehemu moja mpaka pakachakaa. Na mjue katani hiyo ni ya kwetu huku, Afrika Mashariki. Imelimwa na watu kama sisi. Wazungu wakipiga mia na themanini, wanapiga shamba la jirani.

Kabla Afande hajafa alinipa ile kamba. Katani pia, amesuka mwenyewe, haina uwezo wa kuvutika kama mpira. Fundo la kwanza: kutoka sakafuni hadi kitovu cha jicho, mita moja na sentimita sabini na tatu. Fundo la pili: kutoka usoni mwa ubao hadi mstarini, mita mbili na sentimita thelathini na saba. Sikilizeni vizuri: usoni mwa ubao. Si ukutani. Fundo la tatu ndilo akili yenyewe: unaweka ncha kwenye jicho, unaivuta kwa mshazari mpaka mstarini. Likifika, kila kitu kiko sawa, hata kama sakafu imeinama. Kitambaa chekundu alifunga ili isipotee kati ya kamba za kufungia kuni. Hiyo ndiyo dawa yake yote.

"Pima kabla ya kishale cha kwanza," alisema. "Ukisharusha, umekubali."

Sasa turudi Nateete.

Ilikuwa mchujo wa kuchagua wanawake wawili wa kwenda Nairobi kucheza na majirani. Kule, walituambia, wanaofanya vizuri wanaangaliwa na watu wanaotafuta wachezaji wa kulipwa. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Nilijua hiyo ndiyo nafasi yangu, ya pili haitakuja. Nilicheza mechi tatu asubuhi kwenye ubao namba moja, nikashinda zote. Ya nne tukapelekwa ubao namba mbili, ubao wao wa nyumbani, nicheze na Prossy, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kyambogo anayechezea Tuko Sawa.

Mtoto yule anacheza! Nitamsifu mpaka mwisho. Mkono mlaini, hana haraka, kishale kinatoka kwake kama barua.

Haki ya kupima ni ya kapteni wa wageni. Anapima, anasaini fomu. Wandera alikuwa amekaa na Kasule tangu asubuhi, sahani ya nyama ya kuchoma katikati yao. Nikamwambia, "Kapteni, ubao wa pili hatujapima."

"Aa, mama, usitutie aibu. Hawa ni wenyeji wetu. Nimeshasaini."

Nikanyamaza. Kamba ilikuwa ndani ya mfuko wangu, na mimi nikaona haya kuonekana msumbufu. Hilo ni kosa langu, ninalibeba, simpi mtu.

Duru ya kwanza vishale vyangu vikaanza kushuka. Nalenga ishirini ya mara tatu, naingia chini yake. Nanyanyua kidogo, napata waya. Nikafikiri ni uchovu. Prossy akashinda. Duru ya pili nikapambana, nikafika thelathini na mbili. Nikarusha cha kwanza: kikapita chini ya dabo, nje ya pete. Cha pili: pale pale. Vyote viwili vimesimama pamoja kama ndugu. Wanangu, mkono uliochoka hauwezi kukosa mara mbili sehemu moja. Hapo nikajua ni mstari. Na mstari ulikuwa na ubao wa kuzuia mguu, umepigiliwa misumari. Ungekuwa karibu mno, ningerudi nyuma tu. Ulikuwa mbali, na kwenda mbele ni kosa.

Nikainua mkono. "Naomba kipimo."

"Mechi inaendelea, nnyabo," akasema Kasule. "Mmeshasaini."

"Basi niruhusu nipime mwenyewe, dakika moja." Nikatoa kamba.

Yaliyofuata mmeshayasoma. Mzee mmoja tu, fundi baiskeli aliyekaa dirishani, ndiye aliyesema kwa sauti, "Lakini anashindwa! Mchawi gani huyu anajiroga mwenyewe?" Wakamcheka na yeye. Kishale changu cha tatu sikukirusha. Kasule alisimamisha mechi, akampa Prossy ushindi. Baadaye ikaja barua: nimefungiwa miaka miwili kwa "tabia mbaya na vitu vya kishirikina mchezoni." Ameandika Kasule. Shahidi ametia saini: Wandera.

Miaka miwili ilikwisha. Nikarudi mstarini Mbuya, nikanyanyua mkono, na vidole vikakataa kufunguka. Si maumivu. Kichwa kinasema tuma, mkono unasema hapana. Ugonjwa huo upo, hata mabingwa wakubwa wa kule Ulaya umewapata, wengine wameacha kazi kwa ajili yake, wengine wamejifunza upya kama watoto. Mimi nilijaribu kwa mkono wa kushoto. Nilijaribu nikiwa nimefumba macho, nikampiga kuku. Sasa nafundisha tu. Na hata kufundisha, kuna mama hapa kilimani aliyemtoa binti yake kwangu. Alikuja mlangoni, hakuingia. "Dada, si mimi," akasema. "Baba yake amesikia yale ya Nateete."

Halafu mwaka huu Prossy akaja. Alipanda kilima kwa miguu, amebeba sukari kilo mbili, akapiga magoti kunisalimia.

"Mama, nilikuwa naogopa kuja."

"Kaa, ule."

Hakula kwanza. Akaniambia ubao namba mbili zamani ulikuwa umefungwa usoni mwa kabati nene la mbao, limetoka ukutani kama shubiri nzima. Mstari ulipimwa wakati huo, sawasawa kabisa. Kabati likaliwa na mchwa, wakaliondoa, ubao wakaupigilia ukutani moja kwa moja. Mstari wakauacha pale pale. Wenyeji wakazoea kurusha kutoka mbali.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Sikujua, mama. Nilidhani ndivyo ilivyo. Nilijua Nairobi."

"Nairobi kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na mstari wa haki." Akacheka kidogo, macho yamejaa maji. "Vishale vyangu vyote vilikwenda juu. Vyote, mama. Nilitolewa mechi ya kwanza. Niliporudi nikachukua tepu ya fundi, nikapima. Nikamwambia Katibu. Akasema, 'Najua. Wandera pia anajua, tuliongea siku ile ile ya mchujo. Ukitaka kubaki kwenye timu, funga mdomo.'"

Nilikuwa nimemchukia msichana yule miaka yote, na yeye walimwibia kama walivyoniibia mimi. Tukala. Kisha nikampeleka kwenye ubao wa nje ya jikoni, nikashika chaki, nikasimama uso ukutani, nikamsikiliza akicheza. Tak, tak, tak. Amerudisha mkono wake kwenye umbali wa kweli, na nawaambia, mkono ule utafika mbali. Yuko tayari kusimama aseme mbele ya kamati ya ligi. Nimewaandikia barua mbili waturuhusu wote wawili tuseme. Hawajajibu.

Kwa hiyo vijana, haya ya mchezo nimewaambia, nendeni mkacheze, na mpime kabla ya kishale cha kwanza. Yanayobaki si yenu.

Godfrey Kasule, kabati lilipoondoka, ni nani aliyeamua mstari usisogezwe, na ulipoinua kamba yangu mbele za watu ulijua ni ya nini au hukujua? Bosco Wandera, ulisaini kwamba umepima. Ulipima saa ngapi, na ulipima kwa kitu gani? Mkutano wa ligi unaruhusu mtu yeyote kuuliza swali, na mimi nitauliza haya, kwa Kiswahili, polepole, ukumbi ule ule, watu wale wale wakiwa wamekaa. Msinitumie mtu na soda. Msiniletee barua. Simameni mjibu kwa midomo yenu, kisha mlifute neno lile la ushirikina mliloliandika mbele ya jina langu.